Karani Aliyewaandika Watoro

Hotuba hii ilitolewa Bagamoyo katika mkutano wa mwaka wa watunza kumbukumbu. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Ndugu mwenyekiti, wakutubi, wahifadhi nyaraka, na ninyi wenzangu wa masjala ambao kila mkutano mnajificha viti vya nyuma: leo sogeeni mbele. Mtu niliyekuja kumzungumzia ni mwenzenu wa kazi.

Mwaka 1847, mjini Philadelphia nchini Marekani, Chama cha Kupinga Utumwa cha Pennsylvania kilimwajiri kijana mmoja mweusi. Kazi yake ilikuwa kufagia ofisi, kupokea barua na kufunga magazeti ya kupeleka posta. Aliitwa William Still. Alizaliwa New Jersey mwaka 1821, kitinda mimba katika familia ya watoto 18, na shule aliigusa tu. Hakuna aliyemwajiri awe shujaa. Waliajiri mtu wa kufagia na kuandika bahasha.

Sasa nawauliza, nani hapa hajawahi kumsikia Harriet Tubman? Naam, wote mnamjua. Na William Still, nani anamjua? Mikono miwili. Mitatu. Basi nimekuja mahali panaponihitaji.

Tubman alirudi Maryland mara kwa mara kuwatoa watu utumwani, na alipofika nao Philadelphia, mlango aliobisha ulikuwa wa Still. Yeye aliwatoa, Still akawapokea. Aliwalaza, akawalisha, akawatafutia nguo na viatu, akawalipia nauli ya kwenda New York na mpaka Kanada. Kisha akafanya jambo ambalo karibu wengine wote katika kazi ile waliliogopa. Aliwakalisha, akachukua kalamu, akawauliza: unaitwa nani? Umetoka wapi? Umemwacha nani nyuma?

Kwanza niweke sawa mazingira yenyewe. Mtandao huu wa kuwatorosha watumwa uliitwa Reli ya Chini kwa Chini, lakini treni hamna na reli hamna. Ni watu, majumba, mashua, mikokoteni na usiku mwingi. Pennsylvania ilikuwa imekomesha utumwa, lakini ilipakana na Maryland ambako utumwa ulikuwa halali, na hivyo Philadelphia ukawa mji wa kwanza mkubwa kwa mtoro aliyevuka mpaka. Kuvuka, hata hivyo, hakukumtosha. Sheria ya mwaka 1850 ilimruhusu bwana kumfuata mtumwa wake popote Marekani na kumrudisha. Aliyemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Mwaka 1852 wapinga utumwa wa Philadelphia waliiunda upya kamati ya kuwasaidia watoro, na Still ndiye aliyeongoza shughuli zake za kila siku. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 800 walipita mikononi mwake.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, chini ya sheria kama hiyo, awe na daftari? Daftari ni ushahidi! Polisi akilikuta, amemkuta aliyeandika, ameyakuta majina ya walioandikwa, na amejua walikopelekwa. Wengi katika kazi hii hawakuandika kitu, na waliokuwa na karatasi walizichoma. Thomas Garrett wa Wilmington, mzee jasiri kuliko wengi, alibaki na hesabu tu: zaidi ya watu 2,500. Majina hakuna. Nani awalaumu?

Sababu ya Still nitawapa kwa kisa, na kisa hiki sitakikimbiza.

Ni Agosti 1850. Still yuko ofisini, anafunga magazeti ya posta. Analetwa mtu mzima wa miaka kama hamsini, ametoka Alabama. Jina lake Peter. Huyu hakuwa mtoro, maana uhuru wake alikuwa ameununua. Kule Tuscumbia alikuwa amepatana kwa siri na mfanyabiashara wa Kiyahudi, Joseph Friedman, amnunue kwa dola 500 kisha amwachie ajilipie mwenyewe, kidogokidogo, kwa vibarua. Akalipa mpaka senti ya mwisho. Akapewa hati yake.

Sasa anatafuta wazazi wake. Ana nini mkononi cha kutafutia? Jina la baba, Levin. Jina la mama, Sidney. Na kumbukumbu ya mtoto wa miaka sita, kwamba yeye na kaka yake walitenganishwa na wazazi mahali fulani karibu na mto Delaware. Basi. Ombi lake ni kwamba tangazo lisomwe katika makanisa ya watu weusi, huenda kikongwe mmoja akakumbuka familia iliyopotelewa na wavulana wawili zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Still akaanza kuuliza maswali. Kaka yako aliitwa nani? Levin, kama baba. Mliuzwa wapi? Kentucky kwanza, kisha Alabama. Na kadiri Peter alivyojibu, ndivyo karani alivyozidi kuiona hadithi aliyolelewa nayo. Mama yake mwenyewe alikuwa amewahi kutoroka Maryland na watoto wanne, akakamatwa na kurudishwa. Alipojaribu tena alijua hawezi kukimbia na wanne. Aliwabusu wavulana wawili usingizini, akawachukua mabinti, akaenda kumfuata mumewe ambaye alikuwa amekwisha kujikomboa. Walipofika New Jersey wakabadili majina. Sidney akawa Charity. Steel, jina la ukoo, likawa Still. Na bwana wao, kwa hasira, akawauza wale wavulana kusini, mbali kabisa.

Karani hakuropoka. Hili nawaomba mlitazame kwa jicho la kitaaluma. Moyo unadunda, lakini alimwambia mgeni asubiri, akamaliza kazi iliyokuwa mezani, kisha akarudia maswali akilinganisha jibu kwa jibu. Ndipo akamwuliza: je, nikikwambia kwamba mimi ni ndugu yako?

Mnadhani Peter alimkumbatia? Hapana, aliogopa! Alikuwa ameonywa asiwaamini wapinga utumwa. Katika maisha yake yote, ahadi tamu zilikuwa zimemtia hasarani. Ilichukua muda kumshawishi, wakampeleka kwanza kwa dada zake waliokuwa pale Philadelphia, kisha New Jersey kwa mama. Mama alikuwa anakaribia miaka themanini. Levin, yule kaka yao, hakuwepo wa kurudishwa, alikwisha kufa Alabama baada ya kuchapwa mijeledi.

Sasa fikirini. Kama mchana ule Still angekuwa ametumwa posta? Kama pale mezani angekaa mtu mwingine, mwema kabisa, akaandika tangazo, akampa Peter chai na kumwonesha njia? Ndugu wawili wa tumbo moja wangepishana mlangoni, na mama angekufa hajui. Still mwenyewe alieleza baadaye kwamba tukio hili ndilo lililomfanya aandike kwa uangalifu kila alichoambiwa na kila aliyepita. Huenda siku moja mwingine akaja kuuliza.

Kisa chenyewe kina mkia mchungu. Mke wa Peter, Vina, na watoto wao watatu walikuwa bado Alabama. Mzungu mmoja, Seth Concklin, alijitolea kwenda kuwachukua. Mwaka 1851 aliwatoa kwa mashua ndogo, wakapiga kasia siku na siku, mto baada ya mto, hadi Indiana, ambako utumwa ulipigwa marufuku. Wakakamatwa huko. Concklin alipatikana mtoni amekufa, amefungwa minyororo, fuvu limevunjika. Familia ikarudishwa. Bwana wao akataka dola 5,000. Peter akazunguka miji ya kaskazini miaka miwili akisimulia maisha yake na kuchangisha, mpaka mwishoni mwa 1854 akawakomboa. Dola 5,000 zikaingia mfukoni mwa mwizi kwa risiti halali.

Haya. Katika daftari lile kulikuwa na nini?

Kulikuwa na jina la utumwani na jina jipya, kwa sababu karibu kila mtoro alibadili jina. Hapo ndipo familia zilipopoteana, na hapo ndipo Still alipoziba ufa. Aliweka majina yote mawili, bega kwa bega. Aliandika umri, sura, mahali alikotoka mtu, jina la bwana na tabia zake: mlevi, mchapaji, mshika dini wa Jumapili. Akaandika sababu ya kutoroka na ndugu waliobaki. Halafu fedha, nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, nani kalala kwa nani. Mhasibu wa kamati angeridhika.

Tafadhali linganisheni na vitabu vya mabwana wenyewe. Humo mtu ni jina moja, umri na bei. Bwana anaandika alichonacho. Kwa Still mtu yuleyule anakaa kitini anaulizwa, na safari hii bwana ndiye anayechunguzwa tabia. Sijui kama tunaona ukubwa wa jambo hilo. Kwa wengi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kuulizwa habari zao na mtu mwenye kalamu asiyekusudia kuwauza.

Simfanyi malaika. Still anaudhi wakati mwingine. Anapanga watu kwa weusi na weupe wa ngozi, anasifu huyu kwa akili na yule kwa adabu, kama mwalimu mkuu anayekagua mstari. Alikuwa mtu wa karne yake, mwenye tai iliyonyooka. Namsoma huku nikimgombeza.

Nikiacha kumtaja Henry Brown mtatoka mmenuna. Machi 1849, baada ya mke wake na watoto kuuzwa, Brown alijifungia ndani ya sanduku la mbao huko Richmond, likapigiliwa misumari na kutumwa Philadelphia kama mzigo wa kawaida. Saa 27, sehemu ya safari kichwa chini miguu juu, ingawa sanduku liliandikwa upande upi uwe juu. Still alikuwemo chumbani lilipofunguliwa. Brown akasimama, akawasalimu waliokuwepo, akaimba zaburi. Dunia ikamjua. Samuel Smith, aliyempigilia sanduku, alijaribu kuwatuma wengine kwa njia ileile, akakamatwa, akala miaka gerezani. Ni nani anayemwimba Samuel Smith?

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Jane Johnson.

Julai 18, 1855. Balozi wa Marekani nchini Nicaragua, John Wheeler, anapita Philadelphia akielekea New York kupanda meli. Ana mtumwa, Jane, na watoto wawili wa kiume wa Jane. Sheria ya Pennsylvania iko wazi kwamba mtumwa akiletwa humo na bwana mwenyewe, huyo si mtumwa tena. Wheeler anajua, ndiyo maana hataki Jane azungumze na mtu mweusi yeyote. Wheeler anamwacha kidogo tu ili yeye mwenyewe akale chakula hotelini, na Jane anapata upenyo wa kumnong'oneza mfanyakazi kwamba anautaka uhuru wake. Karatasi ndogo inakimbizwa kwa Still. Still anamkimbilia Passmore Williamson, mzungu wa kamati, na wote wawili wanashuka gatini. Jane yuko kwenye sitaha, na kengele ya kuondoka iko karibu kugongwa.

Wanafanya nini? Wanambeba? Hapana. Wanamweleza sheria, wanamwuliza anataka nini. Wheeler anaruka katikati, anadai mwanamke huyu ameridhika, ana watoto wengine nyumbani, hataki kuwaacha. Jane anasema anautaka uhuru. Akainuka na wanawe. Wapagazi weusi wa gatini wakamzuia bwana mkubwa, na Still akampakia mama na watoto kwenye gari la farasi. Wakatoweka.

Wheeler alikwenda mahakamani akilia ameibiwa. Jaji akamwamuru Williamson awalete. Williamson akasema hajawahi kuwashikilia, na kweli hakujua walikofichwa. Akatupwa gerezani, akakaa kama siku 100. Still na wapagazi watano wakashtakiwa. Hoja kuu ya mashtaka ilikuwa moja tu, kwamba Jane alichukuliwa kwa nguvu. Nani atathibitisha kinyume? Jane yuko mafichoni, na maofisa wa serikali kuu wanamngoja nje wamkamate.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke amefunika uso kwa shela. Akaifunua, akaapa, akaeleza mwenyewe kwamba hakuna aliyemlazimisha, aliondoka kwa hiari, na afadhali afe kuliko kurudi. Alihatarisha kila alichokipata ili watu ambao hakuwa anawajua wasifungwe. Still aliachiwa. Wapagazi wawili walipewa kifungo cha wiki moja na faini ya dola kumi kila mmoja kwa kumkwida Wheeler. Jane alitolewa nje chini ya ulinzi, akaondoka salama, akaishi Boston.

Ndugu zangu, wapo watakaosema karatasi ndiyo iliyomwokoa Still. La. Aliyemwokoa ni mwanamke aliyeulizwa, akajibu. Karani mzuri anajua kwamba daftari linakuja nyuma ya swali.

Nafika kwenye jambo linalowahusu hasa wahifadhi. Mwaka 1859 John Brown, mzungu mpinga utumwa, alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry huko Virginia, na katika karatasi zilizokamatwa yakatokea majina ya watu. Hofu ikatanda. Watu waliohusika na Brown wakapita Philadelphia wakijificha, wengine nyumbani kwa Still. Sasa lile daftari lilikuwa kitanzi. Angelichoma? Alilificha. Kumbukumbu zake zilikaa darini katika jengo la makaburi ya watu weusi ya Lebanon, pale mjini, na hakuzitoa hadharani mpaka utumwa ulipokwisha kabisa.

Maana yake nini kwetu? Still alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kila siku, yaani kuandika na kuonesha. Tunaogopa kuonesha, basi hatuandiki. Au tumeandika, basi anayepita yeyote anafunua jalada. Yeye aliandika kila kitu na hakuonesha chochote, mpaka ulipofika wakati ambao kuonesha hakukumuua mtu. Nimeona masjala ambamo jalada la mgonjwa linatumika kufungia maandazi, na nyingine ambamo mjukuu ananyimwa hati ya babu yake aliyekufa kabla ya uhuru, eti ni siri. Sizitaji. Mnajijua.

Na msidhani nimewapeleka mbali ili tuikwepe nyumba yetu. Tumekaa Bagamoyo. Hapa mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwakomboa watoto kwa fedha. Juu kaskazini, Rabai karibu na Mombasa, watoro walikimbilia misheni kwa miaka, na tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alitoa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400 baada ya kukubali kuwalipa mabwana fidia. Hati zilitolewa, na bei ya kila kichwa iliandikwa. Lakini ni nani aliyewakalisha wale watu mmojammoja akawauliza: kwenu ni wapi, mama yako nani, umemwacha nani njiani? Nauliza kama mtu wa masjala. Wajukuu wao wapo, na wanakuja madirishani kwetu.

Maisha mengine ya Still nitayapitia haraka. Alifanya biashara ya makaa ya mawe, akatajirika. Kuanzia 1859 alipigania watu weusi waruhusiwe kupanda magari ya abiria ya Philadelphia, na sheria ikapatikana 1867. Binti yake Caroline akawa daktari, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani. Alifariki Julai 14, 1902.

Mwaka 1872 alikichapisha kitabu chake juu ya Reli ya Chini kwa Chini, kurasa zaidi ya 700. Alikiuza kama mfanyabiashara hasa, kwa mawakala wa nyumba kwa nyumba, akakionesha katika maonesho makubwa ya Philadelphia ya 1876. Humo zimo barua za watoro kutoka Kanada, kama za John Henry Hill, aliyejificha Richmond miezi tisa kabla ya kufika Toronto mwaka 1853. Hill anaandika kwa tahajia yake mwenyewe, akiulizia ndugu zake waliobaki. Still aliziacha barua za namna hiyo na makosa yake. Mhariri mwingine angezinyoosha.

Daftari moja la kamati, la kuanzia mwaka 1852, limesalia mpaka leo katika maktaba ya chama cha historia cha Pennsylvania, mji uleule. Mwandiko ni wa haraka, wa mtu mwenye wageni wanaosubiri. Ukurasa mmoja una jina la zamani, jina jipya, nauli. Unaofuata vilevile. Ukoo wa Still wenyewe umekutana mwaka baada ya mwaka huko New Jersey, na wa upande wa Peter wamo.

Nimeambiwa muda umekwisha, na wa viti vya nyuma wameshaanza kunyoosha mikono. Ndugu mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Tuanze na yule mama wa masjala ya mahakama, ametangulia kuomba.